Nati Zimeingia, Rimu Haijakaa

Kwenye maduka ya spea za mtumba, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, biashara ya rimu huendeshwa kwa maswali mawili tu. Mteja anaulizwa gari lake linachukua rimu namba ngapi, kisha anaulizwa lina nati ngapi. Akijibu "kumi na tano, nati tano," seti inashushwa kutoka kwenye rundo, inafutwa vumbi, na kuanzia hapo mazungumzo yote ni ya bei. Fundi akiwepo anaipachika moja, nati zinaingia, gurudumu linazunguka, pesa inatolewa. Hakuna aliyeigeuza rimu kusoma kilichoandikwa mgongoni mwake, wala aliyefungua mlango wa dereva kusoma kibandiko ambacho kiwanda kilikiweka pale kwa ajili ya siku kama hiyo.

Msimamo wangu ni kwamba "imeingia" si kipimo cha kununulia kitu kinachobeba uzito wa gari na roho za waliomo ndani. Rimu ina vipimo vyake, vinajulikana, vingi vimeandikwa, na kuvisoma hakugharimu hata senti. Mnunuzi asiyevijua anabahatisha, na muuzaji asiyevitaja anauza asichokijua. Gharama ya kubahatisha huko hailipwi dukani. Inalipwa baadaye, kidogo kidogo, kwa beringi zinazokufa kabla ya wakati, matairi yanayolika upande mmoja na mafuta yanayopotea, tena na familia ambayo huenda isijue kamwe kwamba chanzo kilikuwa rimu.

Milimita mbili zisizoonekana kwa macho

Tuanze na nati zenyewe. Kusema gari lina nati tano ni kutoa nusu ya habari. Nusu ya pili ni ukubwa wa duara linalopita katikati ya stadi zote, kipimo ambacho wauzaji wanaojua kazi yao hukiita PCD. Chukua Toyota IST, gari lililojaa kwenye teksi za mtandao. IST ya toleo la kwanza, iliyotoka mwaka 2002, ina nati nne kwenye duara la milimita 100. IST ya toleo la pili, iliyoanza kuuzwa mwaka 2007, ina nati tano kwenye duara lilelile la milimita 100. Jina moja la gari, rimu mbili zisizobadilishana. Noah, RAV4 na Harrier nazo zina nati tano, lakini duara lao ni milimita 114.3. Volkswagen Golf za kuanzia toleo la tano na Mercedes nyingi ndogo zina nafasi tano vilevile, ila duara ni milimita 112.

Hapo kati ya 112 na 114.3 ndipo hatari ilipojificha. Tofauti ya duara ni milimita 2.3, na ukipima kutoka stadi moja hadi jirani yake tofauti inashuka hadi milimita 1.4 hivi. Ni jicho la fundi gani, hata aliyekaa gereji miaka thelathini, litakaloona hilo kwenye rimu yenye vumbi? Matundu ya rimu ni mapana kidogo kuliko stadi, hivyo rimu ya Kijerumani inaweza kulazimishwa kwenye gari la Kijapani na nati zikashika. Zinachofanya ni kuvuta stadi ziiname kuelekea matundu yasiyo yake. Stadi iliyoinama inafanya kazi kila mzunguko wa gurudumu, na chuma kinachokunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mwisho hukatika. Kabla ya kukatika nati hulegea, zikakazwa, zikalegea tena, na dereva akalaumu barabara mbovu.

Kipimo hiki hakihitaji mashine. Kwenye rimu ya matundu manne au sita unapima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya lile linalolitazama. Kwenye matundu matano hakuna tundu linalolitazama jingine moja kwa moja, kwa hiyo unapima kati ya majirani: milimita 58.8 ni duara la 100, milimita 65.8 ni la 112, na milimita 67.2 ni la 114.3. Kwa kuwa nafasi ya kukosea ni ndogo mno, anayetumia rula ya shule asijiamini. Atafute kalipa, au asome namba iliyochongwa nyuma ya rimu.

Lakini hata duara likilingana, safari haijaisha. Katikati ya rimu kuna tundu kubwa linalokaa juu ya kichwa cha habu, na kwa magari mengi tuliyo nayo tundu hilo ndilo linaloiweka rimu katikati sawasawa. Toyota Premio na Subaru Impreza za miaka mingi zina nati tano, duara la milimita 100 zote mbili, na watu huzibadilishana rimu kwa sababu hiyo. Habu ya Premio ni milimita 54.1, ya Impreza ni 56.1. Rimu ya kiwandani ya Premio haiwezi kuingia kwenye Impreza isipokwanguliwa, na wapo wanaoikwangua. Rimu ya Impreza ikiwekwa kwenye Premio inaingia kwa ulaini kabisa, huku ikiacha nafasi ya milimita mbili, na kila mtu anafurahi. Kisha gari linaanza kutetemeka usukani likifika mwendo wa barabara kuu. Mwenye gari anapeleka balansi, risasi zinaongezwa, mtetemo haukomi, kwa sababu gurudumu lenyewe halikukaa katikati. Kwenye magari makubwa mwanya huwa mpana zaidi: Prado na Pajero zote zina nati sita kwenye duara la milimita 139.7, lakini tundu la katikati la Prado ni milimita 106.1 na la Pajero ni 67.1.

Dawa ya mwanya huo ipo na ni ya bei nafuu. Ni ringi ndogo za plastiki ngumu au alumini zinazojaza nafasi kati ya habu na rimu, mradi zimetengenezwa kwa vipimo hivyo viwili hasa. Ninazitaja makusudi, kwa sababu anayesoma vipimo halazimiki kukataa kila rimu isiyo ya gari lake. Anajua tu ni ipi inaweza kusaidiwa na ipi haiwezi.

Mfano huohuo wa Premio na Impreza una mtego mwingine unaopita kimyakimya. Stadi za Toyota ndogo na za Subaru zote zina unene wa milimita 12, lakini uzi wa Toyota una hatua ya 1.5 na wa Subaru 1.25. Nati ya Toyota inaanza kuingia kwenye stadi ya Subaru, inakaza mapema, fundi anadhani ni kutu, anaongeza nguvu, na uzi unasagika. Na umbo la makalio ya nati nalo lina maana yake. Rimu nyingi za alumini za kiwandani za Toyota hutumia nati bapa zenye washa, Honda hutumia nati zenye makalio ya mviringo, na spoti rimu nyingi zinazouzwa kando hutaka nati za koni. Ukifunga nati ya koni kwenye tundu la mviringo, vyuma vinagusana kwenye mstari mwembamba badala ya uso mzima. Zitakazwa leo, kesho kutwa zitakuwa zimelegea.

Uzuri wa mkakasi

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Rimu nyingi hununuliwa kwa sababu zinapendeza, na sioni kosa mtu kupenda gari lake lipendeze. Kosa ni kuacha sura ya mbele ifiche kipimo kinachoamua gari litakavyoishi, nacho ni ofseti. Huu ni umbali kati ya uso wa rimu unaogusa habu na mstari wa katikati wa upana wa rimu. Huandikwa kwa milimita nyuma ya rimu, kwa mfano +45 au ET45, na pembeni yake huandikwa upana kama 6J, yaani inchi sita.

Fikiria gari lililotengenezwa kwa rimu ya 6J yenye ofseti ya 45, mwenyewe akavutiwa na rimu pana ya 8J yenye ofseti ya 20. Ofseti peke yake imesukuma gurudumu nje milimita 25. Upana ulioongezeka umegawanyika pande mbili, hivyo umeongeza milimita 25 nyingine upande wa nje. Ukingo wa rimu sasa umetoka nje takribani sentimita tano. Gari linaonekana limetanua kifua, vijana wanalipiga picha. Lakini uzito uliokuwa ukikaa juu ya beringi sasa unaivuta kutoka kando, kila shimo linapiga kwa nguvu zaidi kwenye boljointi na bushi, na usukani unavuta kufuata kila mfereji wa lami. Abiria wakijaa siti ya nyuma, tairi linakata fenda. Ofseti ikizidi upande wa pili, tairi linasogea ndani na kusugua shokapu, mahali ambapo mwenye gari haoni mpaka ukuta wa tairi uwe umekatika.

Sura nzuri huficha pia uimara. Japani ina alama ya JWL kwa rimu za alumini za magari madogo, na JWL-T kwa za malori na mabasi. Alama ya VIA huonyesha kwamba rimu imepitia usajili wa upimaji. Alama hizi huchongwa au kutupwa kwenye rimu yenyewe. Mwenye Hiace ya abiria anayefunga rimu nzuri zenye JWL bila T amechukua rimu zilizopimwa kwa gari dogo akazibebesha mzigo wa gari la biashara. Na ile isiyo na alama yoyote, au iliyopasuka ikachomelewa na kupakwa rangi upya, ina ushahidi gani zaidi ya kung'aa kwake?

Matairi nayo yana hesabu

Rimu haitembei bila tairi, na hapa maneno ya dukani yanapotosha zaidi. Tairi la 195/65R15 lina upana wa milimita 195, ukuta wenye urefu wa asilimia 65 ya upana huo, na linakaa kwenye rimu ya inchi 15. Ukipiga hesabu, kimo chake chote ni milimita 634 na ushei. Anayehamia rimu ya inchi 16 akachukua 205/55R16 anapata milimita 632, karibu sawa. Anayehamia rimu ya 17 akachukua 225/45R17 anarudi palepale kwenye 634. Hivyo inawezekana kukuza rimu bila kukosea gari, kwa sharti kwamba ukuta wa tairi upungue, ingawa ukuta mfupi hauikingi rimu vizuri kwenye mashimo yetu. Lakini anayechukua 205/65R16 kwa sababu ndiyo iliyokuwapo dukani amefika milimita 673, ongezeko la asilimia sita. Spidi mita yake ikisoma 50 anakwenda 53, ikisoma 80 anakwenda karibu 85. Trafiki akimsimamisha na tochi ataapa kwamba hakuzidisha mwendo, naye atakuwa anasema anachokiamini.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye namba ndogo inayofuata ukubwa wa tairi, ile ya uwezo wa kubeba. Tairi la 195/65R15 lenye namba 91 linaruhusiwa kubeba kilo 615. Tairi la Hiace la 195/80R15 lenye namba 107 linaruhusiwa kubeba kilo 975. Upana ni uleule 195, rimu ni ileile ya 15, na fundi akipewa la kwanza badala ya la pili litavaa kwenye rimu bila taabu. Kwenye kila kona ya gari kumepungua uwezo wa kilo 360. Nani kati ya abiria waliobanana kwenye siti ya nyuma ameulizwa kama anaridhia?

Familia nyingi hununua tairi moja moja, pesa inapopatikana, na hilo linaeleweka. Kwa gari linalovuta magurudumu yote manne, hata hivyo, ni akiba inayogeuka deni. Subaru huelekeza kwamba mzingo wa matairi manne usitofautiane zaidi ya robo inchi, kwa sababu tofauti hiyo inageuka kazi ya kudumu ndani ya mfumo unaogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Tairi moja jipya kando ya matatu yaliyokwisha linaweza kuua kifaa chenye bei kubwa kuliko matairi yote manne.

"Mbona gari linatembea?"

Hoja ya kwanza atakayoitoa msomaji ni kwamba magari ya namna hii yapo maelfu barabarani na yanatembea. Ni kweli, na ndiyo maana tatizo halitibiki. Rimu isiyokaa sawa haiui gari siku ya kwanza. Inaligharimu kwa beringi, kwa bushi, kwa tairi lililokwisha upande mmoja, na kila kimoja kinanunuliwa peke yake kana kwamba hakihusiani na kingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta unajengwa kwa mafungu, kwa pesa ya ada na ya chakula.

Hoja ya pili ni ya bei: rimu mpya za kiwandani ni ghali, mtu wa kawaida atazipata wapi? Sijamtaka anunue mpya. Katika rundo lilelile la mtumba kuna rimu yenye vipimo sahihi na rimu yenye vipimo vya gari jingine, na mara nyingi bei yake haitofautiani. Rimu ya chuma iliyotoka kwenye gari la toleo lilelile, isiyopinda, ina thamani kubwa kwa familia kuliko spoti rimu ya kuvutia isiyojulikana ilikotoka. Rahisi huvunja upishi pale tu mnunuzi asipojua anachonunua.

Wengine watasema tumwachie fundi. Ninawaheshimu mafundi wetu; wengi wao ndio wanaoyafanya magari yenye umri mkubwa yaendelee kulisha familia. Lakini fundi hupewa rimu ambayo tayari imenunuliwa na kuambiwa aifunge. Akikataa, mteja anakwenda gereji ya jirani. Ndiyo maana likizuka tatizo la rimu kukataa kukaa, hutafutwa spesa, yaani sahani ya chuma ya kuweka kati ya habu na rimu. Nakubali kwamba zipo spesa nzuri, zenye stadi zake zenyewe, zilizochongwa kwa kipimo cha habu ya gari husika. Ninayoikataa ni ile sahani tupu inayopachikwa juu ya stadi za zamani. Kanuni ya kawaida ya ufundi ni kwamba nati ishike uzi usiopungua unene wa stadi. Kwa stadi ya milimita 12 yenye hatua ya 1.5 hiyo ni mizunguko minane. Sahani ya milimita tano inakula mizunguko mitatu na zaidi. Kinachobaki ndicho kinachoshikilia gurudumu kwenye mteremko wa Kitonga.

Ipo hoja ya nne, nayo ndiyo nzito: kwamba gari lilikuja hivyohivyo kutoka Japani, kwa hiyo inatosha kunakili zilizomo. Hapana. Gari lililotumika limeshapita kwenye mikono ya mwenye nalo wa kwanza, na huenda wa pili, na yeyote kati yao aliweza kubadili rimu kabla halijapanda meli. Rimu zilizomo si ushahidi wa kile kiwanda kilichokusudia. Ushahidi ni kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Maandishi yake mara nyingi ni ya Kijapani, lakini ukubwa wa tairi umeandikwa kwa namba zilezile tunazozijua, na upepo umeandikwa kama 220 au 2.2, ambayo ni takribani paundi 32. Kibandiko hakitataja duara la nati wala ofseti. Hivyo vinasomwa nyuma ya rimu ya kiwandani, au kwenye kitabu cha gari, au kwa kupima habu yenyewe.

Nani abadilike kwanza

Makontena ya spea yanayoshuka bandarini Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani na Sharjah huja yakiwa yamechanganya rimu za kila aina, na muuzaji wa reja reja hana karatasi inayomweleza kila seti ilivuliwa gari gani. Simlaumu kwa hilo. Namlaumu kwa kutopima, kwa sababu kalipa moja na dakika tano kwa kila seti vingemtosha kubandika karatasi yenye duara la nati, tundu la katikati, upana na ofseti. Muuzaji wa kwanza mtaani atakayefanya hivyo atapata wateja wanaorudi, badala ya wanaorudisha. Mashirika ya viwango, TBS na KEBS, yangeweza kudai karatasi hiyo iwe sharti la kuuza rimu zilizotumika, na wanaokagua magari ya abiria wangeweza kuinama kusoma alama ya rimu na namba ya uzito wa tairi, badala ya kuishia kutazama kama tairi ni kipara.

Wewe unayekwenda dukani Jumamosi hii huna haja ya kusubiri agizo la mtu yeyote. Andika kwenye simu yako idadi ya nati na duara lake, tundu la katikati, upana, ofseti, aina ya nati, ukubwa wa tairi na namba yake ya uzito. Kama diski zako za breki ni kubwa, usikubali kushuka inchi ya rimu kabla ya kuona kwamba kalipa ya breki inapita. Mtake muuzaji aandike vipimo hivyo kwenye risiti. Akikataa, ondoka na pesa yako. Rimu zikishafungwa, nati zikazwe kwa kupishana, kwa spana yenye kipimo cha nguvu, ambacho kwa Toyota ndogo nyingi ni newton mita 103. Ukishatembea kilometa 50 hadi 100, simama uzikaze tena.